Beji kwa jirani, nyumba yako huku chini

Wiki ya kwanza ya Novemba simu zetu huanza kulia asubuhi na mapema. Wenye nyumba za wageni, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, wanaozitangaza kwenye mitandao kama Airbnb na Booking.com, wanafungua kalenda ya Disemba, wanaona mapengo, wanatupigia. Swali huwa lile lile ingawa kila mtu ana namna yake ya kuliuliza. Mama mmoja wa Bamburi, mwalimu mstaafu anayepangisha ghorofa ya vyumba viwili juu ya anakoishi, aliliuliza hivi: "Mwanangu, mbona nikijitafuta sijioni?"

Alikuwa amechukua simu ya mjukuu wake akajifanya mgeni. Akafungua mtandao, akaandika Mombasa, watu wanne, tarehe 22 hadi 27 Disemba. Akateremsha, akateremsha, mpaka kidole kikachoka. Nyumba zilizotangulia karibu zote zilikuwa na beji juu ya picha, ile alama ya sifa ambayo mtandao huipa nyumba au mwenyeji. Yake iko safi, ina tangi la lita 5,000, ina pangaboi kila chumba, na bahari ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Beji hana. Nyota zake ni 4.7.

Kazi yetu sisi ni kusafisha nyumba mgeni anapotoka, kufua mashuka na taulo, na kwa wateja wachache kujibu jumbe na kupanga bei. Beji hatuuzi. Lakini tunaona hesabu za nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwenye nyumba moja hawezi kuliona, na kwa kuwa swali la Mama limetufikia mara nyingi mno, heri tulijibu hapa mara moja.

Kwanza, beji hizi si ndugu. Ziko zinazochumwa kwa kazi, ziko zinazolipiwa, na ziko zile ambazo jina lake ni punguzo lakini malipo ni yale yale, yanatoka mfukoni mwako. Ukizichanganya utalipia usichokihitaji.

Tuanze na za kulipia, maana ndizo zinazotuletea kesi nyingi. Booking.com ina mpango wa washirika teule, wale wenye alama ya dole gumba kando ya jina. Hauingii kwa kutaka tu, nyumba lazima iwe na alama nzuri za wageni na kazi isiyo na madoa. Ukiingia, nyumba inapandishwa kwenye matokeo, na kamisheni, yaani sehemu ya bei inayokatwa na mtandao, nayo inapanda. Kwa nyumba nyingi tunazozijua ni kutoka asilimia 15 hadi 18. Halafu kuna Genius, mpango wao wa punguzo kwa wateja wanachama. Hapo kamisheni haibadiliki, ila unampunguzia mwanachama bei kuanzia asilimia 10, na wewe ndiwe unayelibeba punguzo hilo.

Pointi tatu hapa, asilimia kumi pale, mtu husema si kitu. Tuchukue nyumba ya shilingi 6,000 kwa usiku. Bila mpango wowote, kamisheni ni 900, unabaki na 5,100. Sasa ingia kote kuwili, na tuseme mgeni ni mwanachama wa Genius. Bei inashuka hadi 5,400, kamisheni ya asilimia 18 ni 972, mkononi unabaki na 4,428. Umepoteza 672 kwa usiku.

Bado hujatoa gharama. Dobi, sabuni, tokeni za stima, maji, mshahara wa anayesafisha: tukikadiria kwa nyumba ya namna hii tunapata kama 1,400 kwa usiku. Kwa hiyo faida yako halisi ilikuwa 3,700, sasa ni 3,028. Usiku kumi wa zamani ulikupa 37,000. Ili uzipate tena, usiku kumi na mbili hautoshi, maana unaleta 36,336. Unahitaji kumi na tatu. Yaani umefua mashuka mara nyingi zaidi na umechosha godoro zaidi ili urudi pale pale ulipokuwa.

Je, usiku hizo tatu za ziada zitakuja? Mwezi wa Mei, masika yamekaza na Wanairobi wamerudi kwao, huenda zikaja kweli, na tumeona zikija. Disemba ni habari nyingine. Shule zikifungwa na treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi ikianza kujaa, nyumba nzuri ya Bamburi itapata mtu hata ikiwa chini kwenye orodha. Hapo unampunguzia mgeni ambaye angelipa bei kamili. Kuna wateja wetu wawili tumegombana nao juu ya jambo hili, mmoja hadi leo anaamini tunamzuia asitajirike.

Na kuna jambo ambalo halisemwi. Majirani wote wakishaingia kwenye mpango, aliyepanda hayupo, ila kilichokatwa kimekatwa. Ni kama foleni ya feri ya Likoni: ukiwaambia wote wapite mbele, nani yuko mbele? Anayeumia ni yule aliyebaki nje, kwani hakubadilisha kitu na bado amesukumwa chini. Mama wa Bamburi ndiye huyo.

Sasa Airbnb. Wao walijaribu njia ya ukaguzi. Februari 2018, jijini San Francisco, mkurugenzi wao Brian Chesky alitangaza ngazi mpya iliyoitwa Airbnb Plus. Ilianza na nyumba 2,000 katika miji 13, Cape Town ukiwamo, kila nyumba ikipimwa kwa orodha ya vipengele zaidi ya 100: mpangilio wa vyumba, vyombo vya jikoni, mashuka, hata nguvu ya maji bafuni. Ombi lilitozwa dola 149. Mwaka uliofuata ikaja Airbnb Luxe kwa ajili ya majumba ya kifahari. Luxe ipo. Plus imefutwa. Aliyepaka rangi upya na kununua sufuria za bei ili ahesabiwe humo alibaki na rangi na sufuria zake, beji ikaondoka. Huku kwetu Plus haikutugusa sana, lakini tunaikumbusha kila anapokuja mteja anayetaka kukopa chama ili akarabati nyumba kwa ajili ya alama fulani ya mtandaoni. Karabati kwa ajili ya mgeni anayelala humo. Alama ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Zilizobaki Airbnb ni za kuchuma, na hapa ndipo mwenye nyumba moja anapaswa kutulia asome vizuri.

Beji ya Mwenyeji Bingwa (Superhost) hupimwa mara nne kwa mwaka, tarehe mosi ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kwa kuangalia miezi 12 iliyopita. Masharti ni manne: wastani wa nyota 4.8, kujibu asilimia 90 ya jumbe ndani ya saa 24, kupokea wageni mara 10 (au mara 3 zenye jumla ya usiku 100), na kughairi chini ya asilimia 1 ya nafasi ulizokubali. Hilo la mwisho linasomwa haraka na kusahauliwa, nalo ndilo linalowaangusha wadogo. Fanya hesabu. Mwenye nyumba moja aliyepokea wageni mara 30 kwa mwaka, akighairi mara moja tu, ameshafika asilimia 3. Kampuni yenye apatimenti 40 na wageni 1,000 kwa mwaka inaweza kughairi mara tisa na ikabaki na beji yake, kwa sababu ubingwa huu hupewa akaunti nzima, si nyumba moja moja. Sharti ni moja kwa wote, uzito hauko sawa.

Kwa Mama ilikuwa pampu. Agosti, Ijumaa alasiri, pampu ya kisima iliungua, maji ya bomba hayakuwa yametoka tangu Jumatatu, na familia ya watu watano ilikuwa tayari iko njiani na treni. Aliona aibu kuwapokea kwenye nyumba kavu, akaghairi. Kwa ustaarabu wetu alifanya vizuri. Kwa masharti, alijifungia mlango wa ubingwa kwa mwaka mzima. Laiti angetupigia, tungemletea bauza, lori la maji, saa mbili usiku, na bauza hata ikiwa ghali ingekuwa rahisi kuliko kughairi kule. Zipo hali ambazo mtandao hausemi ni kosa lako, kama dharura kubwa zenye ushahidi, ila pampu iliyoungua usiitegemee kuwa mojawapo.

Kisha nyota. Mgeni wetu wa ndani, na tunasema hivi kwa mapenzi, hutoa nyota kama mwalimu wa zamani anayesahihisha insha. Nne juu ya tano kwake ni sifa kubwa, tano ni ya malaika. Hajui kuwa nne inamteremsha mwenyeji. Ukiwa na maoni 10, nyota nne mbili zinakuacha kwenye 4.8 kamili. Ya tatu inakupeleka 4.7 na umetoka. Mama alikuwa na hizo tatu. Tulizisoma pamoja: "Pazuri sana, tutarudi inshallah," nyota nne. "Mwenyeji ni kama mama yetu," nyota nne. Ya tatu ililalamika kuhusu jogoo wa jirani.

Hatumfundishi mteja kuomba nyota, inaudhi. Tunachofanya ni kuweka kadi ndogo karibu na birika, yenye nenosiri la waifai upande mmoja, na upande wa pili sentensi moja: kama kuna jambo halikukupendeza, tuambie leo usiku, tulirekebishe kabla hujaondoka. Malalamiko mengi huishia hapo, kwenye ujumbe. Na jogoo sasa ameandikwa kwenye tangazo, pamoja na adhana ya alfajiri, ili anayetaka kimya cha hoteli achague mapema.

Beji nyingine ya Airbnb, Kipendwa cha Wageni (Guest Favorite), ilianza Novemba 2023 na nyumba milioni 2 duniani. Hii hupewa nyumba yenyewe, kwa kuangalia maoni, nyota na uaminifu wa mwenyeji. Tunaipenda zaidi kwa mtu wa nyumba moja, kwa sababu haimlinganishi na akaunti ya kampuni. Ghorofa ya Mama haijaipata. Ikikaa miezi bila jogoo kutajwa, inaweza.

Mtu atauliza: kwa nini tusiwaambie wageni wapige simu moja kwa moja, tuachane na mitandao? Aliyekujua nje ya mtandao, binamu wa jirani, mfanyakazi mwenzako wa zamani, mpokee kwa M-Pesa yako na umpe risiti. Lakini aliyekuja kupitia mtandao ukamvuta kando ili ukwepe kamisheni, unavunja mkataba ulioukubali, na tangazo linaweza kufungwa katikati ya Disemba. Kazi hiyo hatuifanyi, hata kwa mteja wa miaka mingi.

Basi tulimfanyia nini Mama? Kamisheni ya juu tulimwambia aiache mpaka Aprili. Kwa Disemba tulibadilisha picha ya kwanza, iliyokuwa ya geti, tukaweka ya baraza yenye upepo na jagi la maji ya ukwaju mezani. Tulipunguza idadi ya chini ya usiku ambayo mgeni lazima akae, kutoka tano hadi tatu, kwa sababu familia nyingi za Nairobi huja kwa siku tatu na tangazo lake lilikuwa halionekani kwao kabisa. Hapo ndipo penye siri ya "sijioni" kwa nyumba nyingi: si beji ya jirani peke yake iliyoficha nyumba, ni pia kichujio, sharti kama hilo la usiku, ulichokiweka mwenyewe miaka miwili iliyopita ukasahau. Tuliandika pia kuwa anayeshuka kwenye stesheni ya treni ya Miritini usiku wa manane anaweza kuweka mizigo na kupumzika barazani hadi chumba kiwe tayari. Siku nne baadaye pengo la 22 hadi 25 likazibwa. La mwaka mpya bado liko wazi tunapoandika haya.

Na pesa alizotaka kuziingiza kwenye mipango ya mtandao, alinunua pampu ya akiba. Imefungwa kando ya ile ya kwanza, swichi yake iko ukutani chini ya ngazi.

Kama nawe hujioni, tunakaa na mwenye nyumba saa moja bila malipo Jumatatu na Jumanne, siku ambazo dobi hana foleni. Njoo na ripoti ya malipo ya miezi 12 kutoka kila mtandao unaoutumia, na bili zako za maji na stima za miezi hiyo hiyo. Wengi huja na ripoti wakasahau bili, tunaishia kunywa chai tu.