Safari ya Whitby: kwa nini tunauliza tarehe kabla ya kukupa saa ya kuondoka

Wateja wanaotupigia kutaka basi dogo la familia kwenda Whitby huanza na swali moja: tunaondoka Leeds saa ngapi? Sisi huwauliza kwanza tarehe, na wengine hudhani tunawazungusha. Sivyo. Mji ule unakwenda kwa saa za bahari, na ukifika wakati usiofaa utakaa nusu ya siku ukutani ukitazama mawimbi yakipiga palepale ulipotaka watoto wacheze.

Whitby uko North Yorkshire, mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Leeds. Aliyekulia Tanga, Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa kupwa na kujaa kwa maji, ila wengi hawatarajii kuyakuta Uingereza kwa nguvu hiyo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Whitby hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 4. Ufukwe unaoanzia chini ya West Cliff kuelekea kijiji cha Sandsend ni mchanga mtupu wa kilomita kadhaa, mzuri mno kwa matembezi na mpira. Maji yakijaa, sehemu kubwa yake haipo.

Hesabu yenyewe ni hii. Majira ya joto, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana hivi. Siku hizo tunaondoka saa moja asubuhi, na tunaomba msamaha kwa wenye watoto wadogo, lakini mchanga mtaupata wote. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: asubuhi bahari imejaa, na ufukwe hurudi alasiri. Hapo hatuna haraka. Tunaanza na mji, tunakula, kisha tunateremka ufukweni kuanzia saa kumi.

Daraja nalo linafuata maji. Mji umekatwa na mto pande mbili, na katikati kuna daraja linalogeuka kupisha vyombo. Kazi hiyo hufanyika ndani ya saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada ya hapo. Likifunguliwa, wa mashariki abaki mashariki. Ndiyo maana tunawasihi msigawanyike, huyu na mkoba wa chakula upande huu, yule na watoto upande wa pili. Ila kama hamna haraka, simameni mlitazame, watoto hulipenda.

Upande wa mashariki ndiko tunakopenda zaidi sisi wenyewe. Vichochoro ni vyembamba, na atokaye Mji Mkongwe atajisikia yuko nyumbani kidogo. Katika mtaa wa Grape Lane ipo nyumba ya John Walker, mwenye meli ambaye James Cook, baharia mashuhuri wa Uingereza, alikuja kujifunza ubaharia kwake mwaka 1746. Sasa ni makumbusho, na tunashauri sana muingie, hasa mkiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi ya majahazi. Meli za makaa ya mawe za Whitby ziliundwa na tumbo bapa ili ziweze kupwelewa mchangani zikakaa wima, zishushe shehena, kisha zielee maji yakirudi. Endeavour, meli ya safari ya kwanza ya Cook kuelekea Pasifiki, ilikuwa mojawapo. Ilishushwa majini hapahapa mwaka 1764 kubeba makaa. Mzee mmoja wa Mombasa tuliyempeleka alisimama mbele ya michoro ya meli hizo muda mrefu kuliko sisi sote.

Kutoka hapo kuna ngazi 199 kupanda hadi kanisa la Mtakatifu Maria na magofu ya abasia, nyumba ya kale ya watawa. Njiani kuna mabenchi mapana ya mbao. Waliobeba jeneza kwenda makaburini juu walikuwa wakilitua hapo wapumzike. Abasia ya kwanza ilianzishwa mwaka 657, ikaongozwa na mtawa Hilda, na mwaka 664 ulifanyika hapo mkutano wa kuamua jinsi ya kupiga hesabu ya tarehe ya Pasaka, hesabu inayotegemea mwezi. Kwa sisi ambao kila mwaka tunabishana kuhusu mwandamo, habari hiyo si ngeni. Wazee na wenye magoti mabovu wasijitese: gari linafika hadi juu, na tutawashusha karibu na abasia.

Sasa jambo ambalo hatulegezi. Chini ya majabali ya mashariki watu huenda kutafuta amonaiti, visukuku vya wanyama wa bahari wa kale, jamaa za ngisi, wenye magamba yaliyojizungusha kama ya konokono, na vipande vya jeti, jiwe jeusi ambalo asili yake ni mti. Malkia Victoria aliyavaa mapambo ya jeti katika maombolezo ya mumewe, aliyefariki mwaka 1861, na mafundi wa mji wakapata kazi tele. Lakini majabali hayo hubomoka, na njia ya miambani kuelekea Saltwick Bay hufunikwa maji yanapojaa. Watu huzingirwa. Hatupeleki kundi huko maji yakiwa yanapanda, hata mkituongezea fedha. Mkienda wenyewe, ondokeni maji yakiwa bado yanapwa, na mkikwama pigeni 999 muombe Coastguard, waokoaji wa baharini. Jeti salama zaidi iko madukani Church Street.

Kuhusu chakula, Waislamu na wasiokula ng'ombe waulize kabla ya kuagiza: huko Yorkshire, samaki na chipsi hukaangwa mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe. Yapo maduka yanayotumia mafuta ya mimea, na tunawapeleka huko. Shikeni chipsi zenu vizuri, shakwe wa Whitby hunyakua mkononi.

Bahari ni baridi hata Agosti, nyuzi 14 au 15 hivi, na ukungu unaweza kuingia kutoka baharini wakati Leeds kuna jua kali. Kila mtu aje na koti, akiwemo bibi aliyewasili juzi kutoka Dar.

Mkitaka kuweka nafasi, tutumieni tarehe mbili au tatu, idadi yenu, umri wa watoto, na kama kuna mtu asiyeweza ngazi. Tutatazama jedwali la maji na kuwajibu siku hiyohiyo ni tarehe ipi bora na saa ya kuondoka.