Aliyetoa damu yake kwa utafiti naye arudishiwe habari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu makala mliyoichapa wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwaonya wasomaji kuwa anayejitolea kwa utafiti wa tiba hugeuzwa panya wa maabara. Hofu yake naielewa, na huko mbele nitakiri sehemu yake. Lakini neno hilo la panya limenikaa vibaya, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa waliojitolea, na huu ni mwaka wangu wa sita.

Nimeolewa Uingereza, katika ukoo wenye ugonjwa wa Huntington. Kwa asiyeujua, ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa: kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume kwa wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi, na dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka 30 na 50, mtu akiwa tayari amezaa. Mama mkwe wangu alianza kwa kuangusha vikombe. Baadaye mikono na mabega yakawa yanachezacheza yenyewe, akawa mwepesi wa hasira, akashindwa kupanga hata manunuzi ya siku moja, na majirani wakamhesabu mlevi, yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe. Kwetu Tanga, najua, tungesema amerogwa.

Mume wangu hajapima. Sababu zake ni zake. Hata hivyo kila mwaka tunakwenda pamoja kwenye utafiti uitwao Enroll-HD, ulioanza 2012, wenye vituo Ulaya, Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, Australia na New Zealand, na ambao umekwisha kuandikisha watu zaidi ya 20,000. Yeye anahitajika kwa sababu ni mtoto wa mgonjwa. Mimi nahitajika kwa sababu siyo. Bila mtu wa nje ya ukoo, anayeishi nyumba hiyo hiyo na kula chakula hicho hicho, watafiti watajuaje kilicholetwa na ugonjwa na kilicholetwa na umri tu? Huko hatupewi dawa yoyote. Unaambiwa utoe ulimi na kuuzuia nje kwa sekunde kumi. Ugongeshe kidole gumba na cha shahada upesi uwezavyo. Utembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kisha unapewa karatasi yenye majina ya rangi yaliyochapwa kwa wino wa rangi nyingine, nawe utaje wino, si neno. Mwaka wa kwanza mume wangu alinishinda mbali katika zoezi hilo, nikajitetea kuwa rangi nilijifunza kwa Kiswahili.

Mwisho wanachukua damu, ambayo hupewa namba badala ya jina. Kwenye damu hiyo watahesabu marudio ya herufi tatu za maandishi ya urithi (DNA), CAG, katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 4. Mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akijaliwa umri wa kutosha. Mwenye 26 au pungufu yuko salama. Hesabu ya mume wangu basi ipo mahali fulani, lakini kwa utaratibu wa utafiti haisomewi yeye wala nesi anayemtoa damu. Akitaka kujua, atakwenda kliniki ya vinasaba kwa hiari yake, atakaa na mshauri, na atapimwa upya. Kujitolea hakumnyang'anyi mtu haki ya kutokujua, na hilo makala yenu haikuligusa.

Majaribio ya dawa ni jambo jingine, tena zito zaidi. Dawa ya tominersen, inayochomwa kwenye uti wa mgongo, ilijaribiwa kwa watu 791 katika nchi 18. Machi 2021 kamati huru iliyokuwa ikiziangalia takwimu ilishauri sindano zisimamishwe, kwa kuwa waliochomwa kila wiki nane hali zao zilikuwa mbaya kuliko za waliopewa dawa bandia. Mwandishi wenu angeweza kulitumia tukio hilo kama ushahidi wake. Mimi nalisoma kinyume: panya hana kamati ya kumsimamishia sindano, wala hana hati inayosema anaweza kuondoka siku yoyote bila kutoa sababu.

Pale ninapokubaliana naye ni kwenye deni. Tangu 1981 watafiti wakiongozwa na Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu, walikuwa wakienda kila mwaka kwenye vijiji vya wavuvi vya ziwa Maracaibo huko Venezuela, ambako ugonjwa umejaa kuliko mahali pengine popote panapojulikana. Wanakijiji walisita kutoa vipande vya ngozi, mpaka nesi mmoja Muargentina alipouinua mkono wa Wexler na kuwaonyesha kovu: naye alikwisha kukatwa. Zilikusanywa sampuli za damu zaidi ya 4,000, na ukoo wa watu zaidi ya 18,000 ukachorwa. Kwa damu hiyo alama ya kuonyesha jeni iko wapi ilipatikana 1983, na jeni yenyewe 1993. Kila anayepimwa leo, London au Johannesburg, anapimwa kwa fadhila ya wavuvi wale. Wao walifunguliwa nyumba ya kulelea wagonjwa mwaka 1999, baadaye ikafungwa, na umaskini wao uko pale pale.

Nami nina kisa changu kidogo. Nikiwa darasa la tatu, watu wa utafiti walipita mtaani kwetu wakatutoboa vidole, watoto wote wa nyumba. Mama alipewa sabuni mbili za mche. Kwa miaka mingi, kila mmoja wetu alipoumwa, alikuwa akijiuliza kwa sauti kama wale watu waliona kitu. Amefariki bila kuambiwa walichokuwa wakitafuta.

Kwa hiyo badala ya kuwaambia wasomaji wakatae, ningeomba wafundishwe kuuliza. Huo utafiti una kibali cha kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania? Damu itahifadhiwa wapi, na nani mwingine ataitumia? Naweza kujitoa? Na swali ambalo mama yangu hakujua kuwa ana haki nalo: mtarudi lini kutuambia mlichokiona? Suala hili si la Wazungu peke yao. Wagonjwa wa Huntington nchini Tanzania waliandikwa kwenye jarida la tiba mwaka 1981, na mwaka 2001 ukatambuliwa ugonjwa unaofanana nao kabisa, utokanao na jeni nyingine, ambao karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Tukijificha sote, dawa zitatafutwa kwa damu ya wengine na huenda zisitufae.

Huku Uingereza, mara kwa mara tunaletewa barua ya kurasa chache, kwa lugha nyepesi, inayoeleza takwimu zetu zimetumika wapi na kimeonekana nini. Mimi huisoma kwa sauti jikoni jioni, mume wangu akiosha vyombo. Haniulizi chochote, ila hufunga bomba.

Bi. Z. M.,
Sheffield, Uingereza