Watoto wangu pilau ya Krismasi wanaijua, mwenye sikukuu ndio hawamjui

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka sita anaingia la kwanza mwakani na wa kiume ana mitatu, tunakaa Magomeni, ya huku Bagamoyo sio ya Dar. Sisi Wakatoliki, baba watoto Mchaga wa Rombo, mimi mzaliwa wa hapa hapa. Shida yangu sio ya kuvunja ndoa ila kila Desemba inanikera, safari hii nimesema niulize mapema.

Majirani zetu karibu wote Waislamu na tunaishi vizuri sana, Ramadhani sahani ya futari haikosi kwangu, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na Krismasi ikikaribia pilau yangu inazunguka mlango kwa mlango. Sasa nilichokiona, watoto wa jirani, wadogo kabisa, Ramadhani wanaijua ni nini. Na sio kwamba wamekalishwa chini wakahubiriwa, ni nyumba nzima inabadilika, kula kunabadilika, kulala kunabadilika, wenyewe wanajifungisha mpaka adhuhuri wanatamba nayo mtaani, mwisho mbio wote nje kutafuta mwezi. Idd ikifika wameshaisubiri mpaka wamechoka. Wangu huwa wanafuata mkumbo kutazama mwezi, siku hiyo mkubwa karudi ananiuliza, mama na sisi Krismasi tunaangalia nini? Nikamjibu kalenda. Baba yake kacheka mpaka machozi, mimi lile swali likanikaa.

Maana ukweli ndio huo, wangu Krismasi wanaijua kwa nguo mpya, pilau, soda na yule mzee wa ndevu nyeupe wa kwenye katuni. Yesu anatajwa kanisani na tukitoka tunamwacha huko huko. Wakati Kanisa limetupa Majilio, Jumapili nne nzima za kusubiri, padri anavaa zambarau na ile ya tatu waridi, lakini kwangu Majilio ni mwezi wa kutafuta nauli ya Rombo tu.

Basi mwaka jana nikaanza vitu vyangu. Nikasuka kuti la mnazi duara nikachomeka matawi ya mvinje, ndio taji letu la Majilio, mishumaa ya zambarau kwa Mangi haipo nikachukua nyeupe nikaifunga utepe, Jumapili jioni tunawasha, tunasoma kipande cha Luka, tunaimba. Kaskazi ya Desemba mnaijua, unawasha inazima, na mdogo naye akaona kazi yake ni kuzima, anapuliza anapiga makofi, kwake ile ni keki ya besdei. Halafu tukafinyanga pango la kuzaliwa Yesu kwa udongo, kuna kondoo pale anafanana na kiazi, hori tukaliacha tupu mpaka usiku wa mkesha ndio Mtoto awekwe. Hii waliipenda kuliko zote. Nikawaambia mwaka 1223 Mt. Fransisko wa Assisi alitengeneza pango huko Greccio, Italia, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, hapo nikajitafutia kesi maana mkubwa akataka mbuzi wa jirani aingie sebuleni.

Iliyonishinda ni ya majani. Mtoto akifanya jema anaweka jani kavu horini ili Yesu akizaliwa apate pa kulala pazuri. Wazo zuri, ila mkubwa kaligeuza ligi, anahesabu yake na ya mdogo wake, anakuja kushtaki, mama huyu kaweka jani na hajafanya kitu, na yeye mwenyewe nikamkuta anayachuma kwenye fagio. Sasa hapo nafundisha imani au nafundisha ujanja sijui.

Baba watoto hapingi moja kwa moja, anasema tu nimefungua seminari ndogo nyumbani, mtoto aende misa, avae, ale ashibe, inatosha, mbona sisi tumekua hivyo hivyo. Nguo sijakataa jamani, najua mtaani watachekwa. Nikamwambia basi zawadi ndogo tutoe Desemba 6, siku ya Mt. Nikolao, maana yule mzee wa katuni asili yake ni huyu, askofu wa Myra, leo ni Uturuki, ili tarehe 25 ibaki ya Yesu, akaniuliza kwa hiyo tunanunua mara mbili? Nikanyamaza.

Wifi yangu ni mlokole, yeye kila mwaka hoja ni ile ile, tarehe 25 haimo kwenye Biblia. Najua haimo. Hata mamajusi watatu hawamo, Mathayo hakutaja idadi, na anasema waliingia nyumbani sio zizini, mbona kwenye kadi zake wapo watatu na ngamia!

Ila kubwa ni Rombo. Nikianza kitu huku kinakatika wiki ya mwisho, kule ni ukoo mzima, mbuzi, mbege, watoto wa binamu kibao, pango langu la udongo limebaki Bagamoyo na hori tupu. Mwaka jana Mtoto tulimweka tulivyorudi Januari. Mama mkwe mwenyewe mtu wa rozari kila jioni, nafikiri akishikwa vizuri angenisaidia, ila naogopa aone namfundisha dini nyumbani kwake.

Na Herode je, yule mfalme aliyeua watoto akimtafuta Yesu? Desemba 28 ni Watoto Mashahidi, na Misheni yetu hapa, ile iliyoanza 1868, ililea watoto waliokombolewa utumwani, natamani niwapeleke pale niwasimulie yote mawili kwa pamoja, kwamba Yesu alizaliwa kwenye dunia inayoumiza watoto. Lakini wa miaka sita atalala usiku?

Kwa hiyo Anti, na nyie wazazi mliopita hapa, naomba mnijibu. Majani niyaache au kuna namna ya kuyafanya bila mashindano? Kwa huyu wa miaka mitatu kipi kinamtosha? Herode aanze kusimuliwa umri gani? Na zaidi ya yote mnishauri kitu kimoja kinachoingia kwenye begi la basi, tuanze nacho Bagamoyo tukimalize Rombo mbele ya ukoo bila mimi kuonekana nimeleta seminari. Kama una mama mkwe wa hivyo, ulimwanzaje?

Mama wawili,
Magomeni, Bagamoyo