Malalamiko: gemu zangu za mbio za magari zimerudi nusu

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI MBOVU YA KUHAMISHIA GEMU ZA PLAYSTATION KWENYE PSP YANGU

Mwezi uliopita niliwaachia PSP yangu (mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi), ile nyembamba ya PSP-2000, pamoja na diski zangu halisi za PlayStation ya kwanza: Ridge Racer na Gran Turismo 2. Tulikubaliana kwamba mtaifleshi mashine (kuibadilishia programu ili ikubali gemu za kunakili), kisha mnakili gemu kutoka kwenye diski hizo hizo na kuziweka kwenye memori kadi. Kijana wenu wa kaunta aliyaandika hayo kwenye risiti kwa mkono wake, nami nikalipa fedha zote papo hapo. Kazi niliyokabidhiwa imelipuliwa.

Nianze na Ridge Racer, maana ndiyo iliyoniuma zaidi. Gemu inawaka vizuri, gari linaondoka, injini inanguruma, mtangazaji anapiga kelele zake, ila muziki hakuna kabisa. Nilipopiga simu, fundi wenu akaniambia PSP haina nguvu ya kupiga muziki wa gemu za zamani. Si kweli, na fundi anayefanya kazi hii kila siku hapaswi kumwambia mteja hivyo. Prosesa ya PlayStation ya kwanza ina takriban megahezi 33. Ya PSP inafika 333, na programu inayoendesha gemu hizo kwenye PSP ni ya Sony wenyewe.

Tatizo ni namna mlivyonakili. Muziki wa Ridge Racer umerekodiwa kwenye diski kama nyimbo za CD ya kawaida, mbali na data ya gemu. Ndiyo maana zamani, gemu ikishapakia, uliweza kutoa diski yake ukaweka CD ya muziki uupendao, na mbio zikaendelea kwa nyimbo zako. Atakayenakili data peke yake atapata gemu bubu. Nimelifungua faili lenu kwenye kompyuta: lina traki moja tu, ya data. Nyimbo zote mmeziacha, na ilhali diski mlikuwa nayo mkononi. Gemu hii ilitoka Japani siku moja na PlayStation yenyewe, Desemba 1994, na ule muziki wa kasi ndio unaokufanya uingie kwenye kona bila kugusa breki. Bila huo muziki sioni raha ya kuicheza.

Gran Turismo 2 mmeikata kwa namna nyingine. Gemu hii ina diski mbili, na zote mbili nilizileta. Mmeniwekea ya kwanza tu, ile ya kuchagua gari na kukimbia. Ya pili ndiyo tuliyokuwa tukiikeshea: unaanza na krediti 10,000, unapekua magari yaliyotumika hadi upate la kuanzia, unahangaika na mitihani ya leseni, unashinda, unanunua turbo ya kuongezea injini nguvu, unabadilisha matairi, unarudi tena. Hiyo yote haimo. Na mtakaporudia kazi, tafadhali ziunganisheni diski zote mbili kwenye faili moja. Mkizitenganisha, kila moja itahifadhi maendeleo ya mchezo kivyake, na gari nililolihangaikia kwenye diski ya pili halitaonekana kwenye ya kwanza.

Siwalaumu kwa yasiyo yenu. Picha ilikuwa imevutwa kujaza kioo kipana. Nimeirekebisha mwenyewe kwenye mipangilio. PSP haina vitufe vya L2 na R2 vilivyo kwenye padi ya PlayStation, nalo hilo nalijua.

Ila betri siwezi kunyamaza. Niliyoileta ilikuwa ya Sony na ilikuwa nzima. Niliyoikuta ndani haina jina la kampuni, na tayari imefura kiasi kwamba kifuniko cha nyuma hakifungi. Nimeitoa, maana betri iliyofura inaweza kuwaka moto, na nyumbani kuna watoto.

Ninachoomba ni hiki: mnirudishie betri yangu, na gemu zote mbili zinakiliwe upya kutoka kwenye diski zangu, zikiwa kamili. Nitazileta mwenyewe, na kabla sijaondoka dukani nitaiwasha Ridge Racer nisikie muziki. Kama hamuwezi, nirudishieni betri na fedha yangu yote. Sitapokea ofa ya kuongezewa gemu nyingine za bure. Sikuja kwa ajili ya hizo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii mnijibu kwa maandishi. Kwenye simu nimeshazungushwa vya kutosha. Muda huo ukipita bila jibu, nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na risiti, picha za betri na nakala ya faili lenu.

Wako,
Mteja
(Jina, simu na namba ya risiti vimo kwenye kiambatisho.)