Vipindi vya jiografia visigonganishwe na kozi kubwa

Mhariri habari za kazi,

Mimi niko chuo hapa Moshi mwaka wa pili, nasoma utalii na somo la pili nimechukua jiografia, basi kila nikitaja jiografia naulizwa kwani unataka kuwa mwalimu? Hata mama mkubwa kaniuliza, akasema bora ningechukua uhasibu.

Hayo ya nyumbani yanavumilika. Kinachoniuma ni ratiba ya chuo, vipindi vya jiografia wamevigonganisha na vya kozi kubwa, yaani ukiingia huku umekosa kule, tulianza darasa limejaa saa hizi tumebaki watano.

Jamani sisi tunaishi chini ya mlima. Mgeni unampandisha Kilimanjaro, mita 5,895, anakuuliza mbona Machame na Marangu kuna msitu mzito na migomba ila Rongai, upande wa kaskazini, kukavu, utamwambia ndo Mungu alivyoumba? Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unagonga mlima upande wa kusini, unapanda unapoa mvua inamwagika huko huko, ukifika upande wa pili umeshabaki mkavu. Mi hilo nimelipata kwenye jiografia, sio kwenye utalii.

Alafu kuna hili la maji. Shangazi yangu anakaa Arumeru, mtoto wake mkubwa meno yana rangi ya kahawia, tangu yuko mdogo akicheka anaziba mdomo na mkono, na sisi wenzake tulikuwa tunamwambia hapigi mswaki vizuri. Nimekuja kujua darasani kumbe ni floraidi, aina ya madini, inatoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru inaingia kwenye maji, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na sehemu nyingi kule inazidi. Siku ile nilikaa kimya mpaka kipindi kikaisha. Na chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa, kwahiyo ukipima ukachora ramani unajua kijiji kichote wapi, na programu ya kuchorea kama QGIS ni ya bure, laptop ya kawaida inatosha.

Sasa mtu wa maendeleo ya jamii, wa afya, wa kilimo, kwanini afungiwe nje ya somo hili kisa ratiba?

Naomba wakuu wa vyuo wanaosoma gazeti lako wavipangue hivyo vipindi, ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa.

Mwanafunzi, Moshi