Malalamiko: Asubuhi moja Kathmandu, na mlango usioingilika

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: SAFARI YA NUSU SIKU, MAHEKALU NA MONASTERI ZA KATHMANDU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa Nepal kikazi, nikabakiwa na asubuhi moja kabla ya ndege. Ofisi yenu iliniuzia safari ya saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana kwa dola 65, viingilio vikiwemo: hekalu la Pashupatinath, stupa ya Boudhanath (mnara wa ibada wa Kibudha) na monasteri ya Kopan. Kipeperushi chenu ninacho. Kinaahidi kuingia "ndani ya hekalu kuu".

Hatukuingia. Asiye wa dini ya Kihindu haruhusiwi kuvuka lango la hekalu kuu la Pashupatinath. Sheria hiyo siilalamikii, nyumba ya ibada ina wenyewe. Ninyi ndio mliouza mlango usio wenu. Na viingilio nililipa mwenyewe, rupia 1,000 hapo na 400 Boudhanath, kwa sababu kiongozi alidai dola 65 ni "za gari tu".

Tulisimama ng'ambo ya mto Bagmati, wanakoruhusiwa wageni. Upande wa pili maiti ilikuwa inachomwa. Kijana aliyenyolewa kichwa, kavaa nguo nyeupe, alisimama kando ya kuni bila kusema neno. Kiongozi wenu akapaza sauti: "Piga picha, dada, hii ndiyo wageni wanayoifuata!" Simu niliitia mkobani. Nimezika baba yangu mwaka jana. Hakuna aliyekuja kutupiga picha makaburini.

Boudhanath watu huizunguka stupa ikiwa mkono wao wa kulia. Sisi tulipelekwa kinyume, maana duka lilikuwa karibu kwa njia hiyo. Bibi mmoja mwenye tasbihi alinishika mkono wa gauni, akanionyesha kwa kidole upande wa kwenda. Niliona haya mimi, si kiongozi. Kwamba kilele cha stupa kiliharibiwa na tetemeko la 2015 kikajengwa upya, nimekuja kusoma mwenyewe hotelini.

Dukani, kwenye picha za thangka, michoro ya kidini ya Kibudha kwenye kitambaa, tulikaa saa moja na dakika 20. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, mapapasi, wale madalali wa watalii, nawajua kwa mwendo. Kamisheni niliinusa kabla chai haijaletwa. Kopan tuliiona juu ya kilima, kupitia dirisha la gari, tukirudi.

Naomba nirudishiwe rupia 1,400 za viingilio pamoja na nusu ya nauli, na maneno "ndani ya hekalu kuu" yafutwe kwenye kipeperushi kabla hamjamuuzia mwingine. Risiti zote nimeambatisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Simu ya kuniomba radhi nimeshapigiwa mara mbili, inatosha.

Wenu,
Mteja wa safari ya Jumatatu asubuhi