Wanetu mlio nje, anzeni na maboma yaliyosimama

Assalaam aleikum wanangu, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Barua hii ni ya watoto wa Tanga mnaoishi ughaibuni: mlio Muscat na Dubai, mlio London na Birmingham, mlio Marekani na Canada, na popote pengine riziki ilipowapeleka. Nawaandikia kwa sababu ya michango mnayokusanya kwenye magrupu yenu ya WhatsApp kwa ajili ya shule za vijijini kwetu, kuanzia Mkinga na Pangani hadi Lushoto na Kilindi. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ninyi mmeanza kurejea kwa mfuko kabla ya miguu. Mungu awazidishie. Lakini pesa iliyotoka kwenye zamu za usiku haifai kuishia njiani, na mara nyingi huishia hapo, hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Neno langu kubwa ni hili: msianzishe jengo jipya katika kijiji chenye boma lisiloezekwa.

Mnajua boma linavyopatikana. Wananchi hutoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wakaleta mawe, mchanga na maji, wakapandisha kuta, kisha pesa ya mabati ikakosekana. Kwa utaratibu wa nchi yetu wananchi huanza na serikali humalizia, lakini foleni ya kumaliziwa ni ndefu. Kuta zisizo na paa zikinyeshewa masika mbili tatu huanza kulika kutoka juu. Halafu linakuja kundi la nje na milioni zake, linaomba kiwanja kando ya boma lile lile na kuanza msingi mpya, kwa kuwa wanataka darasa litakaloitwa lao. Kijiji hakitasema hapana, kwa maana mtu hakatai zawadi. Ila siku mtakapowaita tena kwenye msaragambo, watakaokuja ni wachache, na msiwalaumu.

Kumalizia boma ni nafuu kuliko kuanza chini, kwa sababu msingi na kuta vimeshalipiwa kwa jasho. Mjue ukubwa wa jambo: mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Hiyo ni bei ya wakati ule. Ya leo ulizeni kwa mhandisi wa halmashauri. Msiulize kwenye grupu. Tena bei ya Pangani mjini si bei ya kijiji cha milimani Lushoto, ambako lori la mchanga hupanda kona kwa kona na saruji hupanda nalo.

Lakini si kila boma linafaa kuezekwa, na hapa ndipo penye kazi ya macho. Mwambieni mtu aliyeko huku achukue msumari wa inchi 4, aukwaruze kwenye tofali la tatu au la nne kutoka chini, halafu kwenye tofali la juu kabisa. Tofali zuri litaacha mstari mweupe mwembamba. Msumari ukizama na mchanga ukamwagika kama sukari, tofali hilo lilikosa saruji au lilinyimwa maji. Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali ya inchi 6 kama 30 hadi 35 ya kuaminika. Fundi anayetoa 50 kwa mfuko anawauzia mchanga. Na hata tofali lenye saruji ya kutosha huharibika likiachwa juani siku ya pili. Linatakiwa kumwagiwa maji kwa siku 7 likiwa kivulini. Kwa vijiji vya ufukweni ulizeni pia mchanga ulitoka wapi. Mchanga wa baharini una chumvi, chumvi inakula nondo ndani ya zege, na baada ya miaka kadhaa lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, hupasuka kwa urefu.

Tazameni nyufa. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana chini au juu, unasema msingi umekaa vibaya, na hapo mhandisi aje kabla ya shilingi moja kutumwa.

Kitu kinachoangusha madarasa mengi kwetu ni upepo, na kosa liko kwenye kiungo cha paa na ukuta. Lenta inatakiwa kuzunguka jengo zima, nondo 4 za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi kila sentimita 20, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kabla ya kumwaga, vipande vya nondo au chuma bapa visimikwe humo na kuachwa vimechomoza, ili baadaye vifungwe kwenye mbao inayobeba kenchi, zile fremu za mbao za paa. Mafundi wengi huliacha hili, wakapigilia misumari tu. Paa linakaa vizuri miaka miwili, kisha dhoruba ya kuingia masika inalinyanyua lote na mabati yanaokotwa shambani. Vipande hivyo vya chuma ni bei ndogo ukilinganisha na paa zima.

Mabati yawe geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi, na kwa hewa ya chumvi ya Pangani na Mkinga kutu haichelewi. Mbao za kenchi ziwe zimetiwa dawa ya mchwa, na stakabadhi ya dawa ionekane.

Sasa njia ya pesa. Kosa linalojirudia ni kumtumia ndugu. Binamu yako anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini shule ya serikali ina kamati, ina akaunti ya benki na ina vitabu vya hesabu. Pesa ikipita mfukoni kwa binamu haina stakabadhi ya shule, jengo haliingii kwenye kumbukumbu za halmashauri, na saruji ikipungua mifuko 10 mtavunja udugu kwa jambo ambalo daftari lingelimaliza. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu msingi, afisa elimu kata, mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Ombeni vitu vitatu: muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha wananchi wamekubali kazi hiyo na mchango wao ni nini, makadirio ya gharama yaliyosainiwa na mhandisi, na uthibitisho wa akaunti ya shule. Shule isiyoweza kutoa muhtasari haijakaa kikao, na mradi usiokaliwa kikao hauna mwenyewe.

Tumeni kwa awamu. Awamu ya kwanza iishie kwenye lenta, ya pili kwenye paa, ya tatu sakafu, madirisha, milango na ubao. Kila awamu ifunguliwe na picha na stakabadhi za iliyotangulia. Picha muhimu kuliko zote ni ya nondo zikiwa ndani ya mbao kabla zege halijamwagwa, na futi ya kupimia ikiwa juu yake, kwa sababu likishamwagwa hakuna atakayejua kilichomo. Mifuko mitupu ya saruji ihifadhiwe na kuhesabiwa mbele ya kamati. Vifaa vinunuliwe na kamati, fundi alipwe ufundi peke yake. Asilimia 10 ya malipo yake ibaki mpaka masika moja ipite juu ya paa. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo, shuleni na ofisi ya kijiji. Nawasihi msilione hili kuwa ni kumdhania mtu ubaya. Linamlinda mwalimu mkuu kuliko linavyowalinda ninyi.

Kuhusu makontena ya vitu vilivyotumika nitasema kidogo. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na hutumia vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hadithi za Kiingereza za watoto wa Ulaya huishia stoo, na Februari 2023 wizara ilipiga marufuku baadhi ya vitabu vya hadithi vya kigeni mashuleni, kwa hiyo si kila kitabu kinapokelewa. Kontena lina nauli, lina kodi ikiwa msamaha haukuombwa mapema, na likikwama bandarini lina gharama za kuhifadhiwa kila siku. Kwa nauli hiyo hiyo mngenunua hapa hapa vitabu vya Kiswahili vilivyopata ithibati, na kabati la chuma la kuvikinga na mchwa.

Madawati pia yatengenezwe huku. Kipimo ni dawati moja kwa watoto watatu, yaani shule ya watoto 300 inahitaji 100. Fremu ya chuma na mbao ngumu. Muheza kuna msitu wa misaji wa Longuza, na Tanga mjini kuna chuo cha ufundi cha VETA kinachofundisha uchomeleaji. Hesabuni kwanza yaliyovunjika nyuma ya madarasa. Mengi yanahitaji ubao mpya na kuchomelewa mguu, na ukarabati wa namna hiyo ni nafuu mno.

Vyoo havina wa kuvikatia utepe, ndiyo maana huachwa. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule ya wasichana 150 na wavulana 150 hayo ni matundu 8 na 6. Upande wa wasichana uwe na chumba cha kujisitiri chenye maji, komeo la ndani na mahali pa kuchomea taulo za kike zilizotumika. Komeo hilo ndilo hukaguliwa mwisho, nalo ndilo msichana huangalia kwanza. Pwani ardhi ni ya mchanga na maji yako karibu, hivyo shimo lijengewe matofali ndani na choo kinyanyuliwe, la sivyo masika hulijaza na kingo hubomoka.

Maji ya paa yanasaidia, ila msiyape kazi yasiyoiweza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 50, ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, linatoa lita 6,000. Watoto 300 wakitumia lita 2 kila mmoja kwa kunywa na kunawa ni lita 600 kwa siku, na tangi la lita 10,000 linakwisha baada ya siku 16 za masomo. Kwa hiyo tangi moja halivuki Januari na Februari. Wekeni zaidi ya moja, au changieni kisima. Na mwembe unaoinamia paa ukatwe tawi, kwani majani huziba mfereji na maji yakamwagika yote ukutani.

Chakula nacho. Uji wa watoto 300 kwa gramu 50 za unga kila mmoja ni kilo 15 kwa siku. Mwaka una siku 194 za masomo, basi ni kilo 2,910, kama magunia 29. Wazazi wa Handeni na Kilindi wanaweza kutoa mahindi baada ya mavuno, Julai na Agosti. Wanachokosa ni sufuria la lita 100, jiko banifu, posho ya mpishi, na vichanja vya kuinua magunia kutoka sakafuni. Mahindi yaliyowekwa mabichi au chini kwenye unyevu huota ukungu na kuingia sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha.

Tengeni kila mwaka fungu dogo la matengenezo. Ruzuku ya uendeshaji inayoingia moja kwa moja kwenye shule ya msingi imepangwa shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa watoto 300 ni 1,800,000, na humo mna chaki, karatasi, mitihani na kitasa kilichovunjika. Kundi lililojenga darasa na kisha kunyamaza litakuta madirisha hayana bawaba. Na mkiwalipa posho walimu wa kujitolea, ahidini mwaka mzima wa masomo, Januari hadi Desemba, kwa makubaliano na halmashauri. Mwalimu akikatiwa posho Juni, darasa hubaki bila mtu katikati ya mada.

Jambo la mwisho lina tarehe. Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6. Mwaka 2027 watamaliza pamoja darasa la sita wa mtaala mpya na darasa la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 sekondari za kata zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Sekondari iliyozoea kupokea 120 itapokea kama 240. Kwa wanafunzi 40 kila chumba, hayo ni madarasa matatu ya nyongeza, na kila mtoto kiti chake na meza yake. Kata zenu zina maboma ya sekondari yanayongoja. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na halmashauri hupanga bajeti miezi mingi kabla, hivyo barua yenu ifike kabla ya Desemba ili mabati yenu na fungu lao vikutane kwenye boma moja. Ujenzi wenyewe ufanyike Juni hadi Septemba, barabara zikiwa kavu na fuso ikifika hadi mlangoni.

Wasalaam,
Mzee wenu, Tanga